Kuongeza mikono kwenye mtambo bila kuugandisha: jibu kwa fundi wa mashine ya sabuni

Msomaji mmoja, fundi wa vyuma, ametuandikia hivi:

"Natengeneza mashine ndogo ya kupiga mhuri vipande vya sabuni. Kwenye programu ya kuchora mitambo nimeweka mtambo wa mikono minne: krenki (mkono unaozungushwa na mota) milimita 50, mkono wa kati 180, mkono wa kubembea 120, na umbali kati ya maegemeo mawili (pini zilizofungwa kwenye fremu) 200. Unazunguka vizuri kabisa. Shida inaanza nikitaka kuongeza mkono wa kusukuma kipande kwenda chini ya mhuri. Nikiunganisha mkono wa 250 kutoka mkono wa kubembea hadi mahali pa kisukumizi, kila kitu kinaganda. Nikiifungua pini ya mwisho, mkono unaning'inia na programu inalalamika. Pia ningependa kisukumizi kisimame kidogo na kukishika kipande kwa nyuma mhuri unaposhuka. Je, niongeze mikono mingapi?"

Ndugu fundi, programu yako haina tatizo. Umeongeza mkono mmoja mahali palipohitaji viwili. Nitaanza na hesabu yake, kwa sababu ukishaielewa utaweza kuongeza chochote kwenye mtambo wowote, iwe unatumia FreeCAD, GeoGebra au programu iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi hii.

Kipande kimoja cha chuma kilicholala mezani kina njia tatu za kusogea: kwenda kushoto na kulia, kwenda mbele na nyuma, na kuzunguka. Kila mkono unaouongeza unaleta uhuru huo wa aina tatu. Pini inayounganisha mikono miwili inaondoa uhuru wa aina mbili na kubakiza mmoja tu, ule wa kuzunguka kwenye pini. Reli nayo inaondoa viwili, kwa kuwa kinachobaki ni kuteleza tu. Kwa hiyo unahesabu vipande vyote pamoja na fremu, unatoa kimoja kwa sababu fremu haisogei, unazidisha kwa 3, kisha unatoa 2 kwa kila pini au reli. Mtambo wako wa kwanza una vipande vinne na pini nne: 3 mara 3 ni 9, toa 8, inabaki 1. Huo uhuru mmoja ndio mota yako. Ukizungusha krenki, kila kipande kinajua mahali pake.

Sasa tazama ulichofanya. Umeongeza mkono mmoja wenye pini mbili, moja kwenye mkono wa kubembea na nyingine kwenye nukta iliyofungwa mezani. Mkono umeleta uhuru wa aina tatu, pini mbili zimeondoa minne. Umekopa mmoja ambao mtambo haukuwa nao wa ziada isipokuwa ule wa mota, na mota imenyang'anywa. Jumla ni sifuri: umejenga kichanja, hakuna mashine tena. Ulipoifungua pini ya mwisho, hesabu ikawa 12 toa 10, yaani 2. Mota inaamuru mmoja, na ule wa pili hauna mwenyewe, ndiyo maana mkono unaning'inia.

Kinachokosekana ni kisukumizi chenyewe. Umekichora kama alama juu ya meza, kumbe nacho ni kipande kinachosogea na lazima programu ikitambue hivyo. Ongeza vipande viwili: fimbo ya 250 na kisukumizi. Viunganishe mara tatu: pini kati ya fimbo na mkono wa kubembea, pini kati ya fimbo na kisukumizi, na reli kati ya kisukumizi na fremu. Vipande viwili vinaleta 6, viunganisho vitatu vinaondoa 6. Nyongeza haiongezi wala haipunguzi uhuru wowote, na mtambo unabaki na mmoja wake ule ule. Leonid Assur, mhandisi Mrusi aliyeishi kati ya 1878 na 1920, ndiye aliyeonyesha kwamba mitambo mingi inayoonekana kama msitu wa vyuma hujengwa kwa kurundika vifurushi vya namna hii, kimoja juu ya kingine. Jozi ya vipande viwili na viunganisho vitatu ndicho kifurushi kidogo kuliko vyote. Ongeza jozi moja, izungushe, hakikisha inafanya kazi, ndipo uongeze nyingine. Usiongeze jozi tatu kwa mpigo ukategemea programu ikwambie kosa liko wapi, maana itakachokwambia ni kwamba kosa lipo tu.

Kuna mtego mmoja hapa. Huenda unataka kuifunga fimbo pale pale ambapo mkono wa kati unakutana na mkono wa kubembea. Inafaa, lakini pini inayobeba mikono mitatu inahesabiwa mara mbili. Kwenye programu, maana yake ni kwamba lazima utoe amri mbili za kuunganisha: mkono wa kati na wa kubembea, kisha fimbo na wa kubembea. Ukiiburuta tu ncha ya fimbo hadi ifunike duara la pini, machoni itaonekana imeungana huku ndani ya programu imelala juu yake tu. Njia ya kujua ni rahisi: buruta krenki kwa kipanya uone kama fimbo inafuata. Mafundi wengi hukimbilia kulaumu vipimo kabla ya kuangalia hili.

Hesabu yako mpya basi ni vipande sita (fremu, krenki, mkono wa kati, wa kubembea, fimbo, kisukumizi) na viunganisho saba. 3 mara 5 ni 15, toa 14, inabaki 1.

Hesabu hiyo inakuhakikishia uhuru, haikuhakikishii kwamba mtambo utamaliza mzunguko. Kwa mikono minne ya mwanzo uko salama. Kanuni ya Franz Grashof, Mjerumani wa karne ya 19, inasema mkono mfupi kuliko wote ukijumlishwa na mrefu kuliko wote usizidi jumla ya ile miwili iliyobaki. Kwako ni 50 na 200, jumla 250, dhidi ya 180 na 120, jumla 300. Krenki itazunguka mzunguko mzima, na mkono wa kubembea utacheza karibu digrii 49.6. Hata pembe kati ya mkono wa kati na wa kubembea haishuki chini ya digrii 55, wakati watu wa mitambo huanza kuwa na wasiwasi ikikaribia 40. Vipimo vyako ni vizuri, usiviguse.

Kwa jozi mpya, swali ni kama inafika. Jozi ya mikono miwili iliyoungana kwa pini inafunga pembetatu: umbali kati ya ncha zake mbili za nje usizidi jumla ya mikono hiyo, wala usipungue tofauti yao, kwa kila nafasi ya krenki. Jozi ya fimbo na reli ina sharti jepesi zaidi. Umbali wa wima kutoka pini ya mkono wa kubembea hadi mstari wa reli usifikie urefu wa fimbo. Ukifikia, fimbo inasimama wima juu ya reli na mashine inakwama au programu inaruka.

Hiyo ya kuruka nayo uielewe. Chora jozi ya pini tatu kwenye GeoGebra: duara moja kutoka kila ncha, na pini ya katikati inakaa mahali maduara yanapokatana. Yanakatana mahali pawili. Zote mbili ni sahihi kihesabu, lakini mashine yako ya chuma itaunganishwa kwa namna moja tu. Programu ikikokotoa kwa hatua kubwa, mfano digrii 20 kwa mara moja, karibu na nafasi ambapo maduara yanagusana tu inaweza kuhamia upande wa pili bila kukuambia, na wewe utaona mchoro unaocheza vizuri ambao chuma hakiwezi kuufuata. Tumia hatua ya digrii 1 au 2. Kabla ya kufunga, sogeza vipande kwa mkono vikaribie umbo unalolitaka, ili programu ianzie upande unaoutaka.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo lenye utamu: kisukumizi kisimame mhuri unaposhuka. Watu wengi wakisikia "kisimame" hufikiria kamu (gurudumu lisilo duara kamili linalosukuma kipande kwa umbo lake), au hukimbilia kuongeza jozi ya pili na ya tatu. Kwa kazi yako sioni haja. Unaweza kupata msimamo mzuri kwa jozi ile ile moja, ukigeuza tu mahali reli ilipo.

Tuweke herufi ili tusipotezane. A ni egemeo la krenki, B pini ya krenki na mkono wa kati, C pini ya mkono wa kati na wa kubembea, D egemeo la mkono wa kubembea, K pini ya kisukumizi. Chora A kushoto na D kulia, milimita 200 kati yao, C ikiwa juu.

Ukiweka reli sambamba na mstari wa AD, milimita 100 juu yake, fimbo ya 250 ikielekea kulia inakupa mwendo wa karibu milimita 90. Pale ndipo ningeiweka kama ungekuwa unataka kusukuma tu, kwa sababu mstari huo unapita karibu katikati ya kimo ambacho C inapanda na kushuka, na fimbo haiinami zaidi ya digrii 6. Ukiishusha reli hiyo hadi usawa wa AD, fimbo ile ile inainama hadi karibu digrii 29 na mwendo unapungua hadi milimita 71 hivi. Mkono haujabadilika hata mmoja. Ndiyo maana huwa nasisitiza kwamba mahali pa reli ni kipimo kama urefu wa mkono, na kinapaswa kuchezewa kwenye programu kabla ya kukata chuma.

Lakini angalia kisukumizi hicho kinavyofika mwisho wa safari. Kinafika pale A, B na C zinaponyooka mstari mmoja, na mkono wa kubembea unageuza mwelekeo. Krenki ikiwa digrii 30 kabla ya nafasi hiyo, kisukumizi bado kina karibu milimita 10 za kwenda. Digrii 30 baadaye kimesharudi karibu milimita 9. Kwa mizunguko 30 kwa dakika, muda ambao kinakaa ndani ya milimita moja ya mwisho wake ni kama sehemu moja ya tisa ya sekunde. Muda huo hautoshi mhuri kushuka.

Sasa fanya hivi. Weka krenki kwenye nafasi hiyo ya mwisho, A, B na C zikiwa zimenyooka. Chora mstari kutoka D kupitia C na uuendeleze. Mstari huo ndio uwe reli. Kwa vipimo vyako utakuwa karibu wima juu ya AD, ukiachana na wima kwa chini ya digrii 2. Unganisha fimbo ya 250 kutoka C hadi kisukumizi kilicho kwenye reli hiyo mpya. Katika nafasi hiyo moja mitambo yote miwili imenyooka kwa pamoja: krenki na mkono wa kati upande mmoja, mkono wa kubembea na fimbo upande mwingine, kama kiwiko kilichonyooshwa.

Faida yake ni hii. Krenki ikisogea digrii 10 kutoka pale, mkono wa kubembea unasogea nusu digrii tu, kwa sababu uko mwisho wa mbembeo wake. Na hiyo nusu digrii, ikipita kwenye fimbo ambayo nayo imenyooka, inakisogeza kisukumizi kwa karibu sehemu moja ya mia ya milimita. Upole unazidishwa kwa upole. Ukienda digrii 30 upande mmoja na 30 upande mwingine, kisukumizi hakisogei zaidi ya milimita 0.7. Hiyo ni sehemu ya sita ya mzunguko mzima, theluthi moja ya sekunde kwa mwendo ule ule wa mizunguko 30. Mashine kubwa za kubana na kukanyaga bati zinatumia mbinu hii ya kunyoosha mikono kwa ngazi ili zikae chini muda mrefu.

Bei yake ipo. Mwendo umeshuka kutoka milimita 90 hadi kama 59.5. Kama kipande chako kinahitaji 90, zidisha kila urefu kwa 1.5: krenki 75, mkono wa kati 270, wa kubembea 180, umbali wa maegemeo 300, fimbo 375. Pembe zote zinabaki zilivyo, mwendo unakuwa karibu milimita 89, na msimamo ule wa digrii 60 unabaki ndani ya milimita moja. Pia fimbo sasa inainama hadi digrii 21 na nusu kisukumizi kikiwa nyuma kabisa, kwa hiyo reli itabeba msukumo wa pembeni wa karibu asilimia 40 ya nguvu ya kusukuma. Kwa kipande cha sabuni ni mzigo mdogo, ila usitengeneze reli fupi. Kisukumizi chenye urefu mdogo kuliko upana wake kitapinda na kung'ang'ania. Mimi ningekipa urefu mara mbili ya upana.

Usiogope kwamba reli sasa imesimama wima kwenye mchoro. Zungusha mchoro wote na uupindue hadi reli ilale usawa wa meza na A iwe chini ya D. Utaona mpangilio unaopendeza: mota na giaboksi chini, milimita 300 chini ya egemeo D, mikono yote chini ya meza, na ulimi wa kisukumizi tu ndio unaopenya juu kupitia mfereji uliokatwa katikati ya meza. Kwa vipimo vilivyokuzwa, pini K itatembea kutoka milimita 466 hadi 555 mbele ya D. Pini C itashuka hadi milimita 137 chini ya usawa wa reli, basi usiweke mhimili wa fremu katika njia hiyo. Programu ya mistari haitakuonya kuhusu mhimili, kwa sababu kwake mikono haina unene. Panga mikono kwa tabaka: mkono wa kubembea uwe na mabamba mawili, na katikati yake kwenye pini C viingie mkono wa kati na fimbo. Hapo pini inabebwa pande zote mbili na haipindi.

Kuna jambo jingine ambalo mchoro haukuonyeshi. Mashimo ya pini yakilegea, je, msimamo utaharibika? Inategemea shimo lipi. Ulegevu kwenye A na B unasababisha mkono wa kubembea ukose nafasi kidogo, na karibu na mnyooko kosa hilo halifiki kwa kisukumizi. Ulegevu kwenye C kati ya mkono na fimbo, na ule wa D na K, upo kwenye mstari ule ule wa kusukuma na unafika mzima mzima. Kwa hiyo weka bushi nzuri za shaba au beringi kwenye D, C na K. Kama fedha ni kidogo, anza na hizo tatu, A na B zitavumilia zaidi.

Tahadhari ya nguvu: mikono inaponyooka, msukumo unakua mno. Mota ndogo inaweza kuvunja pini au kupinda kisukumizi kipande kikikaa vibaya. Weka springi ngumu ndani ya fimbo, au pini laini inayokatika kwanza. Kwenye mchoro wa mwendo iache fimbo kama kipande kimoja kigumu, kwa sababu ukiichora springi kama kipande kinachoteleza utaongeza uhuru mwingine na programu itaanza tena kulalamika.

Mhuri wenyewe uongeze kwa jozi hiyo hiyo: fimbo na kibebeo cha mhuri kinachoteleza kwenye reli ya wima, vikiendeshwa na krenki ya pili iliyokazwa kwenye shafti ile ile ya A. Kwa kuwa krenki mbili zilizokazwa pamoja ni kipande kimoja, vipande vinakuwa vinane na viunganisho kumi: 21 toa 20, bado ni 1. Kaza krenki ya pili ili mhuri uwe chini kabisa hasa A, B na C zinaponyooka. Kwa krenki ya mhuri ya milimita 60, ndani ya zile digrii 60 mhuri utasafiri kama milimita 8 hadi 10 za mwisho, kulingana na urefu wa fimbo yake. Rekebisha kimo chake uguse sabuni ndani ya hizo, na kipande kitakuwa kimeshikwa tangu unapogusa hadi unapoachia.

Kabla ya kukata fletibaa, chapisha mikono kwa ukubwa wake halisi, ibandike kwenye mbao nyembamba, itoboe na uifunge kwa bolti za milimita 6. Zungusha krenki kwa mkono mara kadhaa, ukiwa umeweka penseli kwenye K na rula pembeni. Kama penseli haikai kimya pale mwisho, pima kwanza umbali wa A na D.